Mstari wa Nibu Nyembamba

Daktari wa meno huyu alikuwa na mapenzi mawili, na watu wote waliyajua: mke wake, na kalamu za wino kutoka Japani. Mke mwenyewe alipenda kuwaambia wageni kwamba hana uhakika nani katangulia. "Mimi ni mke mkubwa kwenye cheti tu," alikuwa akisema. Wageni wakicheka, daktari akicheka nao, halafu akienda chumbani kulileta sanduku.

Lilikuwa sanduku la mbao, pana na fupi, lenye droo za kuvuta, na seremala alilitengeneza kwa vipimo alivyopewa. Ndani kulitandikwa kitambaa laini cha kijani, na juu yake kalamu zililala ubavu kwa ubavu. Moja ilikuwa nyeusi ya kung'aa, imepakwa rangi tabaka juu ya tabaka, na juu ya weusi huo fundi wa huko Japani alikuwa amenyunyiza unga wa dhahabu akachora ndege anayeruka. Nyingine ilikuwa buluu iliyokolea. Nyingine kahawia, haina pambo lolote. Lakini ukianza kumsifia rangi, daktari angekukatiza.

"Hizo ni nguo tu. Tazama nibu."

Nibu ndiyo ile ncha ya dhahabu au chuma inayogusa karatasi. Daktari aliitazama kama alivyotazama jino. Alivaa lenzi zake za kazini, akaiinua mwangani, akachunguza ule ufa mwembamba unaoshusha wino, akahakikisha pande zake mbili ziko sawa, kisha akaangalia lile tone dogo la chuma kigumu kwenye ncha kabisa. Angeweza kukueleza hadi chai ipoe kwamba Wajapani husaga nibu zao nyembamba kuliko watu wengine, kwa sababu herufi zao zina mistari mingi inayobanana mahali padogo. Nibu wanayoiita ya wastani, wengine wangeiita nyembamba. Na ile wanayoiita nyembamba sana inachora mstari kama unywele. Hizo ndizo alizozipenda. Nibu nene alizidharau waziwazi. Alisema ni za kupakia ukuta chokaa.

Mwenzake katika mambo haya alikuwa jirani mmoja, msanifu wa majengo aliyestaafu, ambaye mtaa mzima ulimwita Msanifu kwa sababu hakuweza kuingia nyumba ya mtu bila kuzilaumu ngazi zake. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, daktari alibeba sanduku lake mpaka barazani kwa Msanifu. Huko walizipambanisha kalamu: karatasi ileile, wino uleule, ya huyu na ya yule. Ipi laini, ipi ngumu kama msumari, ipi inateleza, ipi inaikuna karatasi kidogo kama kucha. Walibishana mpaka mke wa Msanifu akawafungia dirisha.

Daktari alijaribu kalamu kwa kuandika sentensi. Msanifu alichora konokono. Alianzia katikati, akazungusha mstari polepole kwenda nje, mizunguko ikikaribiana bila kugusana.

"Maneno yanadanganya," alisema. "Mkono umeyazoea, unayakimbia. Konokono hakimbii."

Basi Jumapili moja daktari alikuja na kalamu mpya, iliyofika kwa kifurushi wiki hiyohiyo. Nibu yake ilikuwa ya dhahabu, nyembamba kupita zote alizowahi kuwa nazo. Msanifu alimwambia aanze yeye, maana kalamu ni yake. Daktari akatamani kumfurahisha mwenzake, akachora konokono.

Mstari ulitoka na mawimbi. Si makubwa. Ulikuwa kama ukingo wa kisu cha mkate, vijino vidogo vilivyofuatana tangu katikati mpaka nje.

"Hii imeharibikia njiani," daktari alisema, akaitoa lenzi mfukoni. "Pande zimepishana."

Aliitazama nibu muda mrefu. Pande zilikuwa sawa.

"Hebu," Msanifu akasema. Akaichukua kalamu, akachora konokono wake pembeni ya yule wa kwanza. Mstari ukatoka safi, kama uliochorwa na mashine. Akairudisha kalamu mezani taratibu, akageuza uso kutazama bustani, ambako hakukuwa na kitu cha kutazama.

"Labda ni namna unavyoishika," alisema.

"Labda," daktari akajibu. "Au ni kahawa ya mkeo."

Wakaendelea na kalamu nyingine, lakini siku hiyo mke wa Msanifu hakuhitaji kufunga dirisha.

Nyumbani, kabla ya chakula cha jioni, daktari alizitoa kalamu zote akazijaribu moja moja. Zote nyembamba zilimpa vile vijino. Zile za wastani zilivionyesha kidogo. Mwishoni mwa droo ya chini kulikuwa na kalamu nene aliyopewa zawadi na mtu asiyejua mambo haya. Aliitia wino, akachora. Mstari ulitoka mpana, mweusi, umenyooka, na mawimbi yakazama ndani ya unene wake. Alifurahi kama mgonjwa anayegundua kwamba akitafunia upande wa pili hapati maumivu. Wagonjwa wa namna hiyo aliwafahamu vizuri. Alikuwa akiwauliza: na huo upande wa kwanza, umeuachia nani?

*

Kliniki ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya umeme. Palikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa mapokezi, penye benchi refu na meza ya mke wake, ambaye aliacha kazi ya benki ili aje aiongoze kliniki. Cha nyuma kilikuwa cha matibabu, na hakikuwa na dirisha, kwa sababu baba yake daktari, aliyeianzisha kliniki hiyo, aliamini kwamba vumbi la barabarani ni adui wa jino. Marehemu mwenyewe alikuwa ukutani ndani ya fremu, kavaa koti jeupe, anatazama kitini moja kwa moja. Mgonjwa aliyelala kitini hakumwona. Daktari alimwona kila alipoinua macho.

Ndani ya chumba hicho sasa alianza kuishi kwa hila. Alijifunza kuegemeza kidole cha mwisho kwenye kidevu cha mgonjwa, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Kung'oa hakukumsumbua, kwani kung'oa ni nguvu. Kusafisha kulivumilika. Kilichomtoa jasho ni kazi ndogondogo, hasa kutibu mizizi, pamoja na ile sekunde sindano ya ganzi inapokaribia ufizi na mgonjwa kakodoa macho. Mkono ukiwa umetulia juu ya goti, ulikuwa mkono wa mtu mwenye afya. Ukitumwa kazi, ulianza kucheza. Mgonjwa kalazwa chali chini ya taa, mdomo wazi, hawezi kuondoka. Na aliyesimama juu yake hawezi kuondoka vilevile.

Alianza kuwaelekeza wagonjwa wa mizizi kwenye kliniki nyingine.

"Mbona wote unawapeleka kule?" mke wake aliuliza.

"Ile mashine ndogo ina hitilafu."

"Basi nimwite fundi."

"Nitamwita mwenyewe."

"Wewe huyo ukimwita, mashine itakuwa imeota kutu."

Akamwita yeye. Fundi akaja, akaifungua mashine, akaijaribu, akatangaza mapokezini mbele ya watu kwamba ni nzima kama siku iliyonunuliwa. Ikabidi daktari aseme kwamba fundi yule hajui kazi. Alimvunjia heshima fundi wa watu ili uongo wake usimame, na jioni yake hakula.

Angeweza kwenda kupimwa. Alilifikiria hilo kila siku. Lakini kila daktari aliyemjua katika mji ule alikuwa amewahi kufungua mdomo kwenye kiti chake, na habari za mkono wa daktari wa meno hazikai ofisini. Halafu kulikuwa na binti yake. Binti alikuwa chuo kikuu, anasomea udaktari wa meno, na familia nzima ilikuwa imeshakubaliana kwamba akimaliza atakuja kukalia nafasi ya baba kama baba alivyokalia ya babu. Ilibaki avumilie mpaka hapo tu. Alijiambia hivyo akivaa glavu asubuhi, na akazivua jioni akijiambia tena.

Kalamu alizoagiza sasa zilikuwa nene. Alinunua moja ya kuandikia noti za muziki, ambayo nibu yake ina pande tatu badala ya mbili na inamwaga wino kama bomba. Alinunua nyingine ambayo ncha yake imekunjwa juu kama pua ya kiatu, inayotoa mstari mpana ukiilaza. Msanifu alizipokea barazani akazigeuzageuza.

"Wewe? Uliyesema hizi ni za chokaa?"

"Ladha hubadilika, mzee. Uzee."

"Mimi ndiye mzee hapa, na yangu haijabadilika."

Akamsogezea ile nyembamba ya dhahabu, iliyokuwa imelala sandukuni wiki nyingi bila kuguswa. "Tuipambanishe na yangu mpya."

"Nimesahau kuitia wino," daktari alisema.

Chupa ya wino ilikuwa mezani, kati yao, imefunguliwa. Msanifu aliiangalia chupa, akamwangalia rafiki yake, kisha akaifunga.

*

Mke wa daktari alikuwa na mdogo wake wa kike, mshonaji, mwanamke mwenye maneno mengi na kicheko kinachofika kabla yake. Alikuja kliniki siku moja ameshika shavu.

"Shemeji, nimekuja unitese," alisema. "Jino la nyuma. Tangu juzi silali, na wateja wangu nawashonea mikono mahali pa shingo."

Daktari alilitazama. Tundu lilikuwa kubwa, chini kabisa, karibu na ulimi. Ilikuwa kazi ya kuchonga taratibu, mahali pembamba.

"Nitakupeleka kwa rafiki yangu mmoja," alisema. "Ana mashine mpya, hutasikia chochote."

Mlango ulikuwa wazi, na mke wake akasikia. Akaja akasimama kizingitini.

"Mdogo wangu apelekwe kwa mtu baki, na kliniki ni ya kwetu? Watu watasemaje? Mtibu bwana, mwenzio anaumwa."

"Nitibu, shemeji," yule mdogo akasema. "Nikiumizwa, niumizwe na mtu wangu."

Hakukuwa na mlango wa kutokea. Alimchoma ganzi akiificha sindano nyuma ya kiganja, akasubiri ikolee, akashusha taa. Mwanzo kulikwenda vizuri. Alikuwa ameegemeza kidole kidevuni, anahesabu pumzi zake mwenyewe, mguu wa kulia umekandamiza pedali inayoiendesha mashine, na mashine inalia ule mlio wake wa mbu. Halafu kidole kiliteleza kwenye mate. Mkono, ukiwa hauna pa kujishikia, ukafanya ulivyotaka. Ncha ya mashine iliruka kutoka kwenye jino ikauchana ulimi upande.

Damu ilijaa mdomo mara moja. Daktari akazima mashine, akakandamiza shashi, akamgeuza kichwa asije akapaliwa. Alifanya yote yanayopaswa, na baadaye alimshona, nyuzi zikakaa vibaya lakini zikakaa. Hilo halikumsumbua kama lile alilolifanya katikati. Mke wake alipoingia mbio na kuona damu, kabla hajauliza, daktari alisema:

"Kasogea. Nilimwambia asisogee."

Shemeji, mdomo umejaa shashi, alitikisa kichwa. Macho yake yalikuwa yamemtoka. "Mm-mm," alisema. "Mm-mm!"

"Wewe tangu utotoni hukai ukatulia!" dada yake akamjia juu. "Mama alikuwa anakusuka umefungwa kwenye kigoda! Sasa ona! Ungekatwa ulimi wote, na hayo maneno yako ungeyasemea wapi? Unataka kumharibia mwenzio jina?"

Wagonjwa wa kwenye benchi walisikia kila kitu. Daktari alisimama na glavu zake zenye damu, akamwacha aseme. Ilitosha neno moja tu kumsimamisha. Alilitafuta mdomoni mwake, akalipata, akalimeza.

Kesho yake shemeji alipiga simu. Ulimi ulikuwa umevimba, maneno yakitoka mazito kama ya mlevi.

"Shemeji, nisamehe. Dada amenisema sana, nami nimefikiri. Labda kweli nilisogea. Nilidhani sikusogea, lakini wewe ndiye uliyekuwa unaona."

"Usijali," daktari akasema. "Yameisha."

Akakata simu akabaki ameishika.

*

Jumapili iliyofuata alikwenda kwa Msanifu mikono mitupu. Msanifu alikuwa ametandaza karatasi, na kalamu yake mpya iko juu, haijafunguliwa kifuniko, ikimsubiri mwenzake aizindue. Hiyo ilikuwa heshima waliyopeana.

Daktari hakuigusa.

"Mzee, uliona siku ile. Ile kalamu ya dhahabu."

"Niliona."

"Mbona hukusema?"

"Nikuambie nini, daktari? Kwamba mkono wako unatetemeka? Mkono ni wako, unalala nao." Msanifu alivua miwani. "Nilidhani umeshakwenda kutafuta dawa. Halafu ukaanza kuleta hizi nene, nikajua unajificha. Na mimi nikajificha nyuma yako hapohapo. Nilizitaka Jumapili zangu. Nikikuambia, nilijua hutarudi."

Daktari akamweleza habari ya shemeji, yote, mpaka ile simu. Msanifu hakumkatiza. Alipomaliza, mzee aliuliza swali moja.

"Na kesho?"

"Kesho nina wagonjwa."

"Daktari!"

"Binti hajamaliza. Mke wangu aliacha kazi yake kwa ajili ya ile meza. Nikifunga, nafunga watu wangapi? Unafikiri sijui ninachofanya?"

"Nafikiri unajua. Ndiyo maana nakasirika." Mzee alikuwa amepandisha sauti, na mkewe akachungulia dirishani, safari hii hakulifunga. "Ungekuwa mjinga ningekuonea huruma."

Daktari aliondoka bila kuaga. Alikwenda mpaka kona, akasimama pale akijifanya anasoma tangazo lililobandikwa kwenye nguzo, mpaka alipoona watu wanamshangaa.

Jumatatu asubuhi benchi lilikuwa limeshajaa. Alimwita mke wake ndani, akafunga mlango.

"Kaa hapo, mama."

"Kitini? Sina jino bovu."

"Kaa tu."

Aliwasha taa. Akachukua kile kioo kidogo cha kutazamia mdomoni, akakishika kama anavyokishika kazini, akakiweka chini ya taa. Duara dogo la mwanga likaangukia ukutani. Lilicheza. Lilitetemeka juu ya rangi nyeupe kama mdudu aliyenaswa kwenye gundi, na daktari hakufanya juhudi yoyote kulituliza.

Mke wake aliliangalia, akasubiri litulie. Halikutulia.

"Nini hicho?"

"Mkono wangu."

"Umeshika kitu kizito? Una homa?"

"Hapana. Ndivyo ulivyo. Tangu mwaka jana."

Alimwona akirudi nyuma kichwani mwake, anapita juu ya mashine, fundi, wagonjwa wa mizizi, na alimwona alipofika.

"Mdogo wangu hakusogea," alisema.

"Hakusogea."

Hakulia. Daktari alitamani alie, angekuwa na la kufanya. Alikaa palepale kitini, mikono imeshika pande zote mbili, kama mgonjwa anayengoja kuchomwa.

"Nilimtukana mbele za watu," alisema. "Nikamtajia na marehemu mama yetu. Wewe umesimama hapo, unanitazama namtukana mdogo wangu kwa ajili ya mkono wako. Mkono sina ugomvi nao. Mkono haukusema uongo."

Akainuka, akatoka. Kupitia mlangoni daktari alisikia akiwaambia wagonjwa waondoke, daktari anaumwa. Sauti ya mtu ikauliza atapona lini.

"Sijui," mke wake alijibu. "Mimi sijaambiwa kitu."

*

Mke alimpeleka kwa mdogo wake siku hiyohiyo. Njiani hakumsemesha. Shemeji alikuwa nyuma ya cherehani yake sebuleni, nguo ya bibi harusi imemlalia mapajani, watoto wake wakifanya kazi za shule sakafuni. Alipowaona alitaka kuinuka awatengenezee chai.

"Kaa," dada yake akamwambia. "Shemeji yako ana maneno."

Daktari aliyasema. Aliyasema amesimama, mbele ya watoto, kwa sababu mke wake hakuwatoa. Kwamba mkono wake ni mbovu, kwamba aliujua, kwamba shemeji hakusogea hata kidogo.

"Rudia," shemeji akasema.

Akarudia.

Shemeji aliiweka nguo pembeni kwa uangalifu isikunjane. Kile kicheko chake hakikuwepo.

"Unajua kilichoniuma? Si ulimi. Ulimi umepona. Mimi nilijua sikusogea. Nililala pale nimekakamaa kama ubao. Halafu mkanisema, mkanisema, mpaka nikaanza kukuamini wewe kuliko mwili wangu. Nikakupigia simu nikaomba radhi. Nawe ukaipokea radhi yangu, shemeji. Ukaniambia yameisha."

Mtoto mmoja alikuwa amenyanyua kichwa kwenye daftari, anamtazama daktari.

"Haya," shemeji akasema baadaye, akaivuta tena nguo yake. "Na hili jino langu? Tundu liko wazi, nalishindilia pamba. Nani atalimaliza?"

Mke wa daktari aliguna kitu kilichokuwa karibu na kicheko, na hicho ndicho kilikuwa cha kwanza siku hiyo. Msamaha haukutamkwa. Chai ililetwa.

Daktari wa mishipa ya fahamu alikuwa mji mwingine. Alimpima nguvu, akampima mwendo, akamwambia anyooshe mikono. Kisha akampa karatasi na kalamu ya plastiki, akamwambia achore konokono. Daktari wetu alitamani kucheka. Jibu likawa kwamba ugonjwa huo hauui na hauponi. Vidonge vinaweza kuupunguza, hatajua mpaka ajaribu. Lakini kifaa chochote ndani ya mdomo wa mtu, basi.

Aliogopa zaidi kumpigia binti yake. Alizunguka sana kabla ya kufika, akazungumzia hali ya hewa na mitihani, na mwisho akaeleza, akaomba radhi kwamba hakuweza kumshikia kiti mpaka amalize.

"Baba," binti akasema, "nani alikwambia nakitaka hicho kiti?"

"Si tulikubaliana?"

"Mlikubaliana. Mimi nilikuwa nakula. Kile chumba hakina hata dirisha, baba. Nikija likizo na kukaa mle saa moja, kifua kinanibana. Nataka kutibu watoto, hospitalini, pamoja na wenzangu. Nimekuwa nikitafuta namna ya kukuambia na nilidhani utaumia."

Daktari alikaa kitandani. Aliona mwaka wote, kila glavu, kila sindano iliyofichwa nyuma ya kiganja, na hakujua acheke au apigize simu ukutani.

"Baba? Umekasirika?"

"Hapana," alisema. "Nimechoka tu."

*

Kliniki ilikodishwa kwa daktari mwanamke, kijana, mwenye mikono mikavu na maneno machache. Mke wa daktari alisema amekaa kwenye ile meza vya kutosha. Akaenda kumsaidia mdogo wake, na baada ya muda mfupi wakafungua duka la nguo za harusi. Alimsamehe mumewe kidogokidogo, kwa mafungu, na baadhi ya siku alilichukua tena fungu la jana. Lakini wageni wakija, alianza tena kuwaambia kwamba yeye ni mke mkubwa kwenye cheti tu.

Daktari kijana alihitaji mtu wa mapokezi anayewajua wagonjwa. Hakukuwa na mtu aliyewajua kama daktari wetu. Basi sasa ndiye anayekaa pale mezani, anaita majina, anaandika kadi za miadi kwa nibu yake nene, herufi kubwa nyeusi ambazo wazee wanazisifu kwa sababu zinasomeka bila miwani. Vidonge vimemsaidia kiasi. Jumapili bado anakwenda barazani, ingawa ilichukua muda kabla Msanifu hajamwona tena langoni. Mzee ndiye anayechora. Daktari anavaa lenzi, anainama juu ya mstari, anasema nibu hii inavuta kushoto, hii imekaza kidogo, na bado wanabishana.

Siku moja mama mmoja aliyekuwa peke yake kwenye benchi, anasubiri zamu, alimsogelea mezani akanong'ona.

"Daktari, niambie kweli. Huyu kijana wenu anaweza? Mimi nimezoea mkono wako."

"Anaweza," alisema. "Mkono wake umetulia. Nenda bila wasiwasi."

Yule mama akaingia, mlango ukafungwa. Baada ya kitambo mashine ikaanza kulia upande wa pili wa ukuta, ule mlio mwembamba, ukapanda, ukatulia juu. Daktari alikuwa ameinamia kadi, kalamu mkononi. Aliacha kuandika. Akasikiliza mpaka mashine ilipopungua, na ndipo alipogundua kwamba mguu wake wa kulia, chini ya meza, ulikuwa umekandamiza sakafu muda wote huo, mahali ambapo pangekuwa na pedali.